Mbwa Wetu Batachoka

Asubuhi ya kumzika Papa, binamu zangu walianza kuosha uwanja mapema, kabla watu wa kilio hawajawa wengi. Mmoja wao alimimina kreolini ndani ya ndoo, ile dawa nyeusi inayogeuka nyeupe mara inapokutana na maji, na harufu yake ikavuka uwanja mpaka kwenye mkeka tulipokaa wanawake. Mimi niliyekuwa nimejikaza tangu habari iliponifikia, niliinamisha kichwa nikalia. Tantine, shangazi yetu aliyekaa karibu nami, akanishika bega, akaniambia nilie tu, baba ni baba. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba dakika ile sikuwa namlilia Papa. Nilikuwa namlilia mdogo wangu Banza, na kidogo, ingawa ni aibu kusema kwenye msiba, nilikuwa namlilia mbwa.

Wenzangu mliokulia Katuba, hapa Lubumbashi, wakati wetu mnajua kwamba kwetu mbwa hapewi jina la kumpendeza mbwa. Kwenye avenyu yetu kulikuwa na mbwa aitwaye Wivu, mwingine Mulisema, mwingine Musiniangalie. Ukiwa na neno la kumwambia jirani na hutaki ugomvi, unafuga mbwa, unampa lile neno liwe jina lake, halafu jioni unasimama uwanjani unamwita kwa sauti. Jirani akikasirika, wewe ulikuwa unamwita mbwa wako tu. Ukiniuliza, ni njia ya uoga ya kugombana, lakini nimeishi na watu kwa muda mrefu sasa na nimeona njia mbaya zaidi.

Papa alikuwa mtu wa reli. Baba yake ndiye aliyeshuka kutoka Mitwaba kuja kufunga mataruma, na kazi ikapita kwa mwanawe, pamoja na koti la bluu na tabia ya kuamka kabla ya jogoo. Halafu kazi ikafifia. Wanaume waliambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa, wakasubiri. Papa alivaa koti lake kila asubuhi akashinda ameketi uwanjani, akiangalia njia. Ng'ambo ya ukuta wetu wa matofali mabichi, ambao ulimfikia mtu mzima kifuani, alikaa Mama Kasongo, mjane aliyeuza makala, yaani mkaa. Ikasemekana kwamba amesema sisi tutarudi Mitwaba kabla ya mvua. Sijui kama kweli alisema. Aliyelileta neno hilo alikuwa mtu wa kuleta maneno, na Papa alikuwa na saa nyingi za kulitafuna.

Siku moja akaingia na kitoto cha mbwa ndani ya koti, jike la rangi ya udongo, sikio moja limelala. Mama alikuwa akipepea moto wa mbabula, jiko letu la makaa, ili asonge bukari, ugali wetu.

"Unatuletea tumbo ingine ya kulisha?" akauliza.

"Inaitwa Batachoka," Papa akajibu.

"Bani batachoka?"

"Benye kusema."

Mama akarudi kwenye moto wake. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale nikichambua sombe, majani ya muhogo, na sikuelewa kwamba lile jina lilikuwa na mwenyewe ng'ambo ya ukuta. Mtoto husikia maneno yalivyo. Batachoka, watu watachoka, na watu ni sisi pia. Nikashangaa kwa nini Papa alete nyumbani kitu cha kutuchosha wakati tayari tulikuwa tumechoka.

Tangu hapo kila jioni Papa alisimama karibu na ukuta na kuita. Sauti yake ilikuwa nzito, na alilivuta lile jina mpaka lifike mwisho wa avenyu. Mama Kasongo alivumilia kwa muda, halafu naye akapata paka, akamwita Tutaona. Basi jua likishuka ilikuwa hivi:

"Batachoka! Kuya kula!"

"Tutaona! Kuya kula na weye!"

Sisi watoto tulikufa kwa kicheko. Watu wazima wa avenyu walikuwa wakitoa viti nje kidogo mapema ili wasipitwe. Mama peke yake hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyepita mlango wa nyuma kwenda kwa Mama Kasongo kuomba kaa la moto na chumvi. Mama Kasongo hakumnyima hata siku moja. Wanawake wale wawili waliongea kwa sauti ya chini penye magunia ya makala, na wanaume wangejua yaliyosemwa pale wangeaibika.

Mbwa akakua akabeba mimba, akazaa chini ya mbao alizokuwa Papa ameegemeza kwenye ukuta. Banza hakuwa amefika umri wa shule. Alikuwa mtoto wa kimya, mwenye magoti meusi kwa vumbi, na aliwapenda wale watoto wa mbwa kupita kiasi. Asubuhi ukimtafuta utamkuta amelala kati yao chini ya mbao, mkono mmoja juu ya mama yao, na Batachoka anamlamba uso pamoja na wanawe bila kubagua. Na Banza alikuwa akila udongo. Alibandua vipande vya ukuta, au alichota palepale mbwa walipolala, akatafuna taratibu huku anafikiri. Hakuna aliyeshtuka. Mama naye alipokuwa na mimba alikula pemba, ule udongo mweupe wanaouza sokoni, na sisi tulichukulia kwamba mtoto amerithi hamu ya mama yake.

Watoto wa mbwa walikuwa na matumbo ya duara, yamekaza. Papa aliwaonyesha wageni, akasema nyumba yake haijakosa chakula, hata mbwa wanashiba. Aliongeza sauti kidogo akielekea ukutani.

Asubuhi moja Mama alikuwa akianika nguo, na Mama Kasongo akatokeza kichwa juu ya ukuta. Hakuwa anamwita paka. Aliongea kama alivyoongea kule nyuma penye makala.

"Mama Ngoyi." Mimi ndimi Ngoyi, mtoto wa kwanza. "Ile batoto ya imbwa inatapika nyoka. Minaona na macho yangu. Banza asilale nabo tena. Na ule udongo asikule."

Mama akasema asante. Lakini Papa alikuwa ndani ananyoa ndevu mbele ya kioo, dirisha liko wazi, na akatoka na povu upande mmoja wa uso.

"Anasema nini?"

"Anasema batoto ya imbwa iko na nyoka."

Hapa lazima nieleze kitu, kwa sababu msomaji wa mbali atadhani baba yangu alikuwa mjinga, na hakuwa. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi nyoka ni yule wa porini, na nyoka ni mnyoo wa tumboni pia, neno ni moja. Tena kuna nyoka wa tatu, ambaye watu humtaja kwa kunong'ona, yule anayesemekana kufugwa na mtu chumbani kwake ili amletee mali, na malipo yake ni watoto wa nyumba. Ukisema nyumba ya mtu ina nyoka, umesema jambo kubwa. Mama Kasongo alisema nyoka wa pili. Papa, asiye na kazi, mwenye mwaka wa pili wa kuangalia njia, alisikia wa tatu.

"Anasema miko na nyoka mu nyumba yangu?"

"Mu tumbo ya imbwa, Papa Ngoyi. Mu tumbo."

"Leo mu tumbo ya imbwa. Kesho atasema mu chumba yangu."

Jioni ile alimwita mbwa mara nyingi kuliko kawaida, ingawa mbwa alikuwa amelala miguuni pake. Na Banza aliruhusiwa kulala na watoto wa mbwa, maana kumkataza kungekuwa kukubali. Mama alijaribu kumtoa pale mara kadhaa, kimyakimya, akimwita aje kula karanga. Banza alikula karanga akarudi chini ya mbao.

Halafu Banza akaanza kuchoka. Ndivyo tulivyosema wote, hatukuwa na jina lingine. Alikohoa usiku kikohozi kikavu cha kupiga mluzi, akapata homa iliyokuja na kuondoka ilivyotaka, tumbo likavimba upande wa kulia, na mchana aliketi mahali pamoja bila kucheza. Zahanati ya jirani ilimpa dawa ya malaria. Baadaye ikampa sharubati ya kikohozi. Mwishowe wakataka kupima choo, na mimi nikatumwa kupeleka kile kitu ndani ya kasha la kiberiti lililofungwa kwa uzi. Mliosoma shule zetu mnakumbuka aibu ya kasha lile, jinsi ulivyolishika kwa vidole viwili ukiomba usikutane na mtu wa darasa lako. Majibu yakarudi kwamba hakuna kilichoonekana.

Papa alifurahi. Nilimwona akitembea mpaka ukutani akiwa amenyoosha mgongo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda.

"Banapima," akasema kuelekea upande wa pili. "Nyoka hakuna."

Sauti ya Mama Kasongo ikajibu, "Mungu asifiwe." Papa aliidhani kejeli. Leo najua alimaanisha.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliangalia nyumba yetu nikaona Papa anarudi kutoka mjini kutafuta kazi amechoka, Mama anainuka amechoka, Banza anaamka amechoka, na kila jioni baba yetu anasimama katikati ya uwanja anaita uchovu kwa jina uje kula. Ungefikiri nini? Nilijua kabisa kinachotuua. Kwa kuwa mtoto hawezi kumkanya baba yake, niliamua kumbadilisha mbwa jina kwa siri. Nikamchagulia Batapona. Watapona. Nilificha vichwa vya ndakala, vile visamaki vikavu, kutoka kwenye sahani, nikamvuta mbwa nyuma ya choo, nikamnong'oneza jina jipya kwa kila kichwa. "Batapona. Batapona." Alinitazama kwa adabu, akala. Halafu Papa akamwita kutoka getini kwa jina lake la zamani, naye akatoka mbio, kichwa cha mwisho cha ndakala bado mdomoni. Niliendelea kujaribu mpaka vichwa vikanitia matatani na Mama, na mbwa hakuwahi kugeuza hata sikio kwa Batapona.

Nilikuwa na mchezo na Banza, wa kumchangamsha. Nilificha karanga kwenye ngumi moja, nikatanua mikono yote miwili, naye achague. Katika siku zile akawa anachagua ngumi ileile, iliyokuwa upande wake wa kulia. Nilidhani amekuwa mkaidi. Nikaanza kuweka karanga upande wa kushoto makusudi ili ajifunze, naye akafungua ngumi tupu, siku baada ya siku, uso ukamwanguka. Mwishowe nikamwambia achague mkono mwingine basi.

"Yaya," akaniuliza, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "mukono yako ingine iko wapi?"

Ilikuwa pale pale, nimeinyoosha upande wake wa kushoto. Nikaitikisa. Hakugeuka. Nilielewa kitu, na bado sikujua ni nini. Nilikwenda kwa Mama nikamwambia kwa maneno niliyokuwa nayo.

"Mama, upande moja ya Banza inachoka."

Mama alikuwa anasonga. Aliweka mwiko chini, jambo ambalo mwanamke wa Katuba hafanyi bukari ikiwa motoni, akamketisha Banza mapajani, akamziba jicho la kulia kwa kiganja. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa uwanja mzima.

"Mama," Banza akasema, bila hofu, kama mtoto yeyote wa mji huu aliyezoea umeme kukatika, "courant inakatika?"

Mama alishikilia kiganja pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na bukari ikaungua, na harufu yake ikajaa. Papa alitoka ndani kuuliza kinachoungua, akatuona, akabaki mlangoni.

Walimpeleka hospitali mjini, kwa daktari wa macho. Papa alibaki nje, alisema humo ndani hewa ni nzito. Mimi niliingia kwa sababu nilibeba termosi ya uji. Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, na aliangalia ndani ya jicho la kushoto la Banza kwa taa ndogo akirudia kama anayetafuta kosa katika alichokiona. Halafu akazima taa, akaanza kuuliza.

"Kwenu kuko imbwa?"

"Kuko, docteur."

"Iko na batoto?"

"Iko nabo."

"Mutoto anakulaka udongo?"

Mama akaangalia sakafu. "Anakulaka."

Daktari akashusha pumzi. Alieleza polepole, na kwa kuwa nilikuwa mtoto nilishika kila neno. Watoto wa mbwa karibu wote wana minyoo, alisema, wanaipata kwa mama yao kabla hata hawajazaliwa. "Mayai yake iko mu mavi ya imbwa. Mavi inapotea mu udongo, hauione tena, lakini mayai inabakia, miezi na miezi. Mutoto anashika udongo, anaweka kidole mu kinywa. Njo vile," akasema, maana yake ndivyo hivyo.

"Lakini balipima choo," Mama akasema. "Hakukuwa kintu."

"Hawataona kintu, Mama. Ile nyoka ni ya imbwa. Ikiingia mu muntu inapotea njia. Haikomae, haizae mayai. Inatembea tu. Mu maini, mu mapafu, njo ile kikohozi yake. Inatafuta imbwa mwenye haiko."

"Inatembea mpaka wapi?"

"Mpaka inachoka," daktari akasema. "Iyi yake ilichoka mu jicho."

Mtu mkubwa, msomi, mwenye koti jeupe, alikuwa amesema kile nilichokijua siku zote. Sikusikia yaliyofuata vizuri. Nakumbuka tu Mama akiuliza kama jicho litarudi, na daktari akijibu kwamba hapana, lakini dawa ingezuia minyoo iliyobaki isizunguke, homa na kikohozi vingeisha, na jicho lile lingine wangelichunga. Nakumbuka pia alimuuliza Mama kama hakuna aliyewaonya.

"Jirani alituambia," Mama akasema.

Tulipofika nyumbani Mama alimsimulia Papa yote mbele yetu, bila kupandisha sauti, hata lile la nyoka aliyepotea njia. Papa akasimama. Akachukua kamba iliyoning'inia mlangoni.

"Ile imbwa nitaiua leo."

"Yulu ya nini?" Mama akauliza sababu. "Si imbwa njo ilikatala kusikia."

Sote tulijua ni nani aliyekataa kusikia. Papa alikaa chini kwenye kizingiti, kamba mkononi, na alipokaa nikaona kwamba koti la reli limekuwa kubwa kwake. Nilimhurumia, na nilimchukia, yote mawili, na sijui hata leo kipi kilikuwa kikubwa. Nikaona nisaidie. Nikamsogelea, nikamwambia kwamba kosa si lake wala la mbwa, ni la jina. Nikamweleza yote, vichwa vya ndakala na Batapona, na kwamba hata daktari amesema nyoka alichoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka na hakunigombeza. Aliweka tu mkono juu ya kichwa changu, mzito, kama mtu anayetafuta mahali pa kujiegemeza.

Kesho yake Mama alimaliza siku nzima kumwaga kreolini. Uwanja, choo, kizingiti, chini ya mbao, hata ukuta Banza alipokuwa akibandua. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mayai yale hayaogopi kreolini, na kwamba kilichotusaidia ni kile alichofanya Papa. Aliwapeleka mbwa wote kwa mtu wa mifugo wakapewa dawa ya minyoo, akarudia tena kama alivyoagizwa. Alichimba udongo wa pale walipolala akautupa shimoni, na kila asubuhi aliokota mavi ya mbwa kwa koleo kabla sisi hatujaamka. Mtu wa reli, mjukuu wa machifu kama alivyopenda kusema, ameinama na koleo mbele ya avenyu nzima. Na alitusimamia kunawa mikono, sabuni mpaka kwenye kucha, kwa ukali ambao hakuwahi kuwa nao kwa jambo lingine lolote.

Jioni ya siku ile ya kreolini viti vilikuwa nje kama kawaida. Habari ya jicho ilikuwa imeshafika kila nyumba, na watu walitaka kusikia Papa ataita vipi. Alitoka, akasimama uwanjani, mbali na ukuta. Akafungua kinywa, akakifunga. Halafu akapiga mluzi, mluzi mfupi wa watu wa reli, na mbwa akaja. Tulisubiri kusikia Tutaona kutoka ng'ambo. Mama Kasongo akamwita paka wake kwa midomo tu, ps, ps, ps, kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya heshima kuliko yote. Majina yale hayakuitwa tena, na watu wa avenyu wakarudisha viti ndani.

Banza alipona yaliyoweza kupona. Alisoma, akacheza mpira, daima winga ya kushoto penye mstari, ili uwanja wote uwe upande anaouona, na wasiojua walisifu jinsi anavyoipenda ile nafasi. Batachoka alizeeka nasi akafa usingizini, bila jina. Mama akatutangulia. Banza akaenda kufanya kazi Sakania, kwenye malori ya mpakani, na akawa anakuja kila anapopata nafasi.

Papa hakuwahi kumwambia pole. Nilimsubiri aseme, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea, mwishowe nikaacha kusubiri. Ilinichukua muda mrefu, nina watoto wangu mwenyewe, ndipo nilipotambua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Papa alitembea upande wa kushoto wa Banza. Kwenda kanisani, kwenda sokoni, kuvuka barabara, hata ndani ya uwanja wetu wenyewe. Banza akibadilisha upande, Papa alimzunguka nyuma bila kusema na kurudi pale pale. Alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, aliagiza kiti cha Banza kihamishwe, ili yeye aliyelala awe kushoto.

Ndiyo hayo yaliyokuwa kichwani mwangu tulipotoka kwenda makaburini, harufu ya kreolini bado iko kwenye nguo. Banza alikuwa mbele yangu. Kulia kwake kulikuwa na wajomba wamejipanga. Kushoto palikuwa wazi, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba pale ni mahali pa mtu. Pikipiki ikapita karibu sana upande ule, akashtuka, akayumba, akanyoosha mkono kushika kitu ambacho hakikuwepo. Nilitaka kwenda, lakini tantine alikuwa ameniegemea kwa uzito wake wote na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Kabla sijajitoa, mwanamke mzee alivuka kutoka kundi la majirani, na fimbo yake na miguu iliyovimba, akaenda akasimama kushoto kwa ndugu yangu, akamshika kiwiko.

"Ni nani?" Banza akauliza, bila kugeuza kichwa.

"Ni miye. Wa ngambo ya kibambazi."

Miaka yote ile Mama Kasongo alikuwa ameona Papa anatembea upande gani. Ukuta ule, ndio kibambazi, ulikuwa wa kifuani tu. Walitembea kidogo, halafu Mama Kasongo akauliza, kwa ile sauti ya chini ya penye makala:

"Banza. Ile imbwa yenu ya zamani, jina yake ilikuwa nani?"

Alilijua jina lile kuliko mtu yeyote aliye hai. Banza naye alijua kwamba analijua.

"Batachoka, Mama."

"Eeh." Akavuta pumzi, akahamisha fimbo. "Papa yako alisema kweli. Tunachoka."

Mabega ya Banza yakatikisika, na mwanzoni nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kutoka Sakania, na aliubana mkono wa yule mzee chini ya kwapa lake ili asiuondoe. Walikwenda polepole sana. Sisi wa nyuma tukapunguza mwendo ili tusiwapite.